Lango Lisilofunguka kwenye Kifaa cha Gemu

Karimi alikuwa anasafisha kifaa cha gemu cha mkononi, cha mteja aliyekitelekeza dukani, alipopigiwa simu kuambiwa kwamba ukoo umekataa mama yake azikwe Kibirichia, kwenye boma la baba yake. Alisikiliza, akasema amesikia, akaendelea kusugua vitufe kwa spiriti. Yeye ni fundi wa simu mjini Meru, na mikono yake haijui kukaa bure hata moyo ukiwa umepondeka.

Sababu ya ukoo ilikuwa fupi. Mke aliyefukuzwa huzikwa kando ya mumewe, na aliyemfukuza ndiye humfungulia lango. Mke aliyetoka kwa hiari yake hutafutiwa udongo kwingine. Gedion, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Karimi, alikuwa ameapa kwamba mama huyo, Gladys, alitoka kwa hiari, wiki ile ile mumewe alipozikwa, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ni Karimi, lakini ushahidi wa mtu wa mgongoni haupokelewi.

Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa na kompyuta ya nyumbani ya zile za zamani, zilizochomekwa kwenye televisheni na kuhifadhi programu kwenye kaseti za redio. Kompyuta ilibaki kwa Gedion, kuku wakatagia juu yake. Gladys aliondoka na kaseti moja tu. Alipoicheza alisikia mlio wa mabati yanayokwaruzwa, akaona imeharibika, akarekodi juu yake kwaya ya akina mama wa kanisa, upande mzima isipokuwa mwisho.

Karimi alikitia kile kifaa programu ya kukifanya kijione ni kompyuta ya miaka ile. Vijana wengi hufanya hivyo kwa kujifurahisha. Akaunganisha redio kwa waya, akacheza kaseti ya mama yake, maana alijua mlio ule ndio sauti ya programu. Kwaya iliingia yote, ubeti kwa ubeti, kisha ule mlio, kisha boma la baba yake likatokea kwenye kioo kwa vibonge vya rangi. Kompyuta ilikuwa imeachwa dirishani baada ya mazishi, ikayaandika iliyoyaona. Iliyaandikaje kwenye kaseti iliyokuwa tayari ndani ya mkoba wa Gladys, Karimi hakujiuliza. Waya ulikuwa mzima na sauti ilikuwa safi.

Alimwona Gedion kijana, ndani ya koti la marehemu, akitupa sanduku nje. Mama yake alishika mwimo wa mlango. Gedion alimbandua vidole kimoja kimoja, akamsukuma hadi barabarani, akafunga lango kwa mnyororo.

Kikao cha ukoo kilifanyika kwa Gedion, kwenye boma lile lile, mchana, ukungu ukiwa haujaondoka. Kifaa kilipita mkono kwa mkono. Mzee M'Ikiara, mwenyekiti wa ukoo, alivaa miwani.

"Huyu ni wewe, Gedion."

"Ni mimi," Gedion alisema. "Hata hiyo koti ilikuwa ya ndugu yangu. Ililiwa na panya."

Kwenye kioo, Gladys alikuwa amesimama nje ya lango, akiwatazama.

"Basi alifukuzwa," M'Ikiara alisema. "Mfungulie."

Karimi alikuwa amejaribu vitufe vyote na lango likamkatalia. Gedion alipoweka kidole gumba kwenye kitufe, mnyororo ulilegea. Gladys akainama, akainua sanduku lake. Karimi hakuwahi kutaka jambo lolote maishani jinsi alivyotaka kile kidole kishuke.

Gedion alikitazama kioo, halafu akatazama kando ya kaburi la ndugu yake, palipokuwa na viazi vilivyoanza kutoa maua.

"Hapo nimepanda waru," alisema. "Na nikifungulia mama leo, kesho ni shamba utaniuliza."

"Mimi nataka tu alale hapo, Anko," Karimi alisema.

Gedion aliinua kidole. Mnyororo ukakaza, na Gladys akaliweka sanduku chini. "Hii kitu chaji yake imeisha," Gedion alisema, ingawa ilikuwa imejaa, akamrudishia kwa mikono miwili. "Kunywa chai kwanza kabla uende."

Wazee walikubaliana kwamba Gladys alifukuzwa, na kwamba aliyemfukuza hajafungua. Hakuna aliyebisha neno hata moja kati ya hayo mawili, kwa hiyo chai ikamiminwa.

Gladys alizikwa kwenye makaburi ya umma mjini. Gedion alileta hema, viti na gunia la viazi, na mchungaji akamshukuru kwa jina mbele ya watu. Karimi alilia mpaka sauti ikakauka. Ilimuuma, na inamuuma hadi leo.

Kifaa kiko dukani, kwenye chaja mchana na usiku, maana kukizima hawezi. Mama yake bado yuko pale langoni. Mvua ikinyesha Kibirichia hujifunika leso. Wateja humsalimu.

Gedion akija mjini kuuza viazi hupitia hapo.

"Bado yuko?"

"Bado, Anko."

"Sawa," husema, kisha hutoa simu yake iwekwe chaji. Karimi huipokea na kuichomeka kando ya mama yake.