Chumba cha Theluji

Kwa miaka mingi Leota Fairbairn alicheza dansi safu ya nyuma, uso wake ukifichwa na mabega ya wenzake. Basi alipopewa nafasi ya kuwa mwenyeji katika filamu fupi ya nyimbo, ya kuwatembeza wageni ndani ya studio, furaha ilimzidi. Kazi yenyewe nyepesi: afungue mlango, aimbe ubeti, awaonyeshe wageni maajabu, kisha mlango mwingine.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa chumba cha theluji. Theluji ya pamba, imetandazwa sakafuni na kutundikwa kwenye misonobari ya mbao, na juu yake taa kubwa zinawaka tangu asubuhi. Ilikuwa Agosti, Hollywood nzima inatokota. Wageni wa kuigiza walitiririka jasho ndani ya makoti ya manyoya.

Shoga yake Opal Treadway, mmoja wa wageni hao, alinusanusa. "Leota, husikii harufu? Kama mtu kasahau pasi juu ya nguo."

"Rangi za mandhari hizo, shoga."

"Rangi gani inanuka hivi?"

"Nyie wambea wa sokoni!" alifoka mwongozaji, Bwana Mordaunt. "Soga baadaye!"

Mlinzi akautia mlango komeo, kelele za nje zisiharibu wimbo.

Leota akaimba. Katikati ya ubeti aliona pamba iliyo juu ya kichwa cha Opal ikigeuka kahawia, taratibu. Akamtupia jicho Mordaunt. Naye alikuwa ameiona. Akazungusha mkono: endelea.

Na Leota akaendelea, mstari mzima. Opal alikuwa anatabasamu kama alivyoagizwa.

"Moto! Tokeni!" Leota alipiga kelele, akakimbilia mlangoni.

"Hatufungui kamera ikipiga picha," mlinzi alisema.

Leota alimsukuma, akavuta komeo. Nyuma yake moto ulikimbia juu ya pamba kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa. Wote walitoka. Opal alitoka wa mwisho, koti linafuka moshi, nywele za upande mmoja zimeteketea.

Mordaunt aliwaambia wakubwa kwamba Leota alipagawa akaangusha taa. Hakuna aliyembishia. Jioni hiyo hiyo Leota alifukuzwa.

Baada ya wiki kadhaa Opal alimjia, kichwa kimefungwa kitambaa. "Shoga, usinichukie. Nafasi yako wamenipa mimi. Watanivika wigi."

"Na theluji?"

Opal alitazama chini. "Pamba."

"Usiende, Opal. Nakusihi."

"Nisipoenda mimi, ataenda mwingine. Ningoje nini tena, nizeeke?"

Siku ya kupiga picha Leota alisimama ng'ambo ya barabara, macho kwenye paa la studio. Kila wingu lilimshtua, akidhani ni moshi. Alasiri Opal akatoka, mzima, anacheka.

"Unaona? Hakuna kilichotokea!"

Leota alimkumbatia kwa nguvu. "Basi mmemaliza?"

"Wapi! Bwana Mordaunt hajaridhika. Anasema theluji haing'ari. Kesho tunarudia, anaongeza taa."