Mdomo wa Mgombea

Cleophace, mgombea udiwani, alikuwa amefunga picha yake kubwa ya turubai mbele ya gari, kuanzia boneti hadi bampa. Siku ya mkutano wa Kihanga, walipokuwa wakipanda mlima, mshale wa joto ulifika kwenye nyekundu na mvuke ukaanza kufuka.

"Wapinzani hao! Wamenichezea gari," alisema Cleophace.

Mkewe Vero, aliyekuwa akiendesha, alizima injini, akasubiri ipoe, kisha akakagua. Maji kwenye rejeta yalikuwa yamepungua kidogo tu, akaongeza. Hakuona mpira unaovuja. Alipowasha, feni ilizunguka vizuri. Akaenda mbele ya gari, akatazamana na mumewe wa turubai anayetabasamu.

"Baba Ainembabazi, ni wewe. Umeziba upepo. Rejeta haipati hewa. Tuitoe hii picha."

"Nifike mkutanoni bila picha? Watanijuaje?"

"Si utakuwepo mwenyewe?"

Cleophace alikataa katakata. Wakaondoka, na kabla ya kona ya pili injini ikachemka tena. Ndipo akakubali, kwa uchungu, sehemu iliyoziba rejeta ikatwe. Hapo ndipo palipokuwa na mdomo. Vero akaukata wote kwa kisu, kutoka shavu hadi shavu.

Injini haikuchemka tena. Walipoingia uwanjani, watu walisimama kulitazama gari. Mama mmoja akapiga makofi kwa kicheko.

"Jamani, huyu hata hatujamchagua, tayari ameachama!"