Kosa la Mama Funguo

Biashara ya nyumba ilipoota mbawa, kila mtu alijua wa kulaumiwa ni nani. Ni dalali, Mama Funguo, mwanamke mnene wa vicheko, mwenye rundo la funguo kiunoni linalomtangaza kabla hajabisha hodi. Mtu mmoja tu alijua kwamba mama wa watu hana kosa, naye alikuwa amekaa sebuleni, kikombe cha chai kimempoa mkononi, na mdomo ameufunga.

Huyo alikuwa Fundi. Jina lake la kuzaliwa lilisahaulika zamani, hata na shemeji zake. Nyumba aliijenga mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, kwa miaka saba, maana siku nyingine zote alikuwa anajenga za wenzake. Na kuiuza alikubali mwenyewe, hakushikiwa kisu. Figo za mkewe zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki ilibidi aende hospitali kusafishwa damu: mabasi mawili, kisha mlima wa kupanda kwa miguu. Kwenda aliweza. Kurudi ndiko kulikommaliza. Alikuwa akishuka basi la pili midomo imempauka, anakaa kwenye ngazi za duka la vifaa vya umeme mpaka pumzi imrudie, na Fundi anasimama kando na mkoba wake, anajitia kusoma bei za balbu. Wakiuza, wangehamia vyumba viwili nyuma tu ya hospitali, mtu unakwenda na kandambili zako.

Mnunuzi alipatikana. Alikuwa muuza magodoro, mtu mpole, baba wa watoto wanne. Siku nne kabla ya kutia saini alikuja kuiangalia nyumba mara ya mwisho. Mama Funguo na mke wa Fundi wakabaki ndani kupanga karatasi, wanaume wakatoka uani. Muuza magodoro akakiangalia chumba cha nyuma, akasema kwa furaha zake kwamba chumba kile atakivunja, pawe stoo.

Chumba kile ndicho Fundi alichoanza nacho. Ndimo walimolala yeye na mkewe na kitoto kichanga, sehemu nyingine za nyumba hazijaezekwa. Mdomo ukatangulia akili.

"Bwana, mimi nisikufiche," alisema. "Msingi wa huku haukufika kwenye ardhi ngumu. Nilikuwa kijana, sikujua kazi. Nyumba hii imesimama kwa bahati tu."

Uongo mtupu. Msingi ule ungebeba ghorofa. Lakini nani angembishia? Fundi anayeiponda kazi ya mikono yake mwenyewe huaminiwa kuliko mkaguzi yeyote mwenye kofia ngumu. Muuza magodoro alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru mpaka Fundi akaona aibu, na kesho yake akampigia dalali kwamba ameghairi, na kwa nini.

Mama Funguo alimpigia Fundi papo hapo. "Fundi, ni kweli maneno haya?"

"Si kweli," Fundi alijibu. "Nakuomba, dada yangu, mama watoto usimwambie. Nitamwambia mwenyewe."

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita, na mwanamume mzima alikuwa bado anatafuta wakati mzuri. Mkewe aliambiwa tu kwamba mteja ameghairi. Alipouliza sababu, Mama Funguo aliinama, akasema watu siku hizi hawaeleweki. Dalali gani asiyejua kwa nini mteja wake amekimbia? Mke akasema hivyo kwa jirani, jirani akasema kwa mwingine, na watu wawili wa mtaa huohuo wakamnyang'anya Mama Funguo nyumba zao. Fundi alizisikia habari hizo kwa kinyozi. Alitoka na nywele nusu.

Asubuhi ya siku aliyokuwa aje dalali mpya, ambaye binti yao alimpata kwenye simu, mkewe alikaa kitandani akifunga vifungo vya gauni polepole.

"Hebu nambie, baba," alisema. "Nimwache kweli Mama Funguo? Mimi moyo hautulii. Nilipolazwa, yule mama alikuja na uji kila siku. Lakini kazi imemshinda. Wewe unaonaje?"

Hapo ndipo mahali pa kusema palipokuwa. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Fanya unavyoona sawa," Fundi alisema.

Jibu la heshima hilo, ukilisikia kwa mbali. Kwa karibu lilikuwa la mwoga, na mwenyewe alijua.

Saa nne wote walikuwa sebuleni. Dalali mpya alikuwa bwana wa makamo mwenye viatu vya kung'aa, na jambo la kwanza alilolieleza ni kwamba yeye si dalali, ni mshauri wa makazi. Mama Funguo alikuwa ameitwa kurudisha ufunguo wa nyumba. Alisimama karibu na mlango akihangaika kuuchomoa kwenye rundo lake, ukucha unateleza, na hakuna aliyemwambia akae.

Mshauri wa makazi alikuwa anajaza fomu kwenye simu yake kubwa. "Sababu ya mauzo ya kwanza kuvunjika?"

"Andika uzembe wa dalali," mke alisema.

"Jina lake, mama? Sisi makampuni tunapeana taarifa. Mtu wa namna hiyo tunahakikisha mji huu hapati nyumba nyingine."

Mama Funguo aliacha kuhangaika na ufunguo. Hakumtazama Fundi hata kidogo, akatazama sakafu, na hilo ndilo lililomshinda Fundi. Angetazamwa angevumilia.

"Usiandike," alisema. Sauti ilitoka kavu. "Ni mimi. Nilimwambia yule bwana nyumba haina msingi. Nilimdanganya. Alitaka kuvunja chumba cha nyuma, na mimi nikashindwa."

Mkewe alimgeukia taratibu. Alingojea kidogo, kama mtu anayedhani kuna mzaha unakuja.

"Wiki tatu," alisema hatimaye. "Nimeupanda ule mlima mara tisa."



"Na wewe ulijua?" mke akamuuliza Mama Funguo.

"Nilijua, dada. Aliniahidi atasema mwenyewe. Nikaona si habari ya dalali kumwambia mke wa mtu."

"Ukakubali nikuchafue."

"Nilikuwa namngoja yeye."

Mke alichukua simu mezani, akaitafuta namba ya muuza magodoro, akawasha sauti ya nje wote wasikie, akampa mumewe. Fundi akaeleza yote, hakujitetea. Msingi ni mzima, alisema, ni imara, aje na mhandisi achimbe popote apendapo.



"Mzee wangu," muuza magodoro alisema kwa upole, "siku ile nilikuamini kwa sababu ulikuwa unajiharibia mwenyewe. Leo unanisifia mali unayoiuza. Nifanyeje na watoto wanne? Tusameheane." Simu ikakatika.

Mshauri wa makazi alifunga fomu yake. Nyumba yenye maneno kama hayo, alisema akisimama, kampuni yake haiwezi kuigusa bila cheti cha mhandisi. Akaaga kwa adabu zake zote na viatu vyake.

Mke alimvutia Mama Funguo kiti. "Nisamehe. Kwa majirani nitapita mwenyewe, mlango kwa mlango. Ufunguo kaa nao. Utatuuzia?"

"Nitauza, dada. Ila maneno ya msingi yameshaenea. Itachukua muda."

"Muda ndio sina," mke alisema, akaanza kulia bila sauti.

Fundi alipiga magoti mbele yake. Alimwambia atamleta mhandisi, atachimba mwenyewe watu waone, na kesho watatoka mapema zaidi, atamshika mkono mlima mzima.

"Hapana," alisema mkewe, akijifuta uso. Akamgeukia Mama Funguo. "Kesho utanisindikiza hospitali? Kila siku huyu huniambia bado hatua chache tu, na mimi humwamini, nikajikaza. Kesho sitaweza kumwamini."

Mama Funguo alisema atamsindikiza. Wakaanza kupanga saa ya kutoka, wao wawili, na Fundi bado amepiga magoti katikati yao.