Benchi la Karibu na Jiko

Prefe Éliakim alikuwa ameongoza shule ya sekondari mjini Butembo kwa miaka ishirini, na kila harusi aliyoalikwa aliketi mbele. Lakini kwenye harusi ya mpwa wake Victoire, kule Beni, dada wa mapokezi hakumjua. Akamwonyesha benchi la nyuma, karibu na jiko.

Éliakim akakaa, amenuna. Victoire aliingia akicheza, watu wakipiga vigelegele, yeye hakuona kitu. Kichwani alikuwa akipanga maneno ya kumkemea shemeji yake, baba wa bibi harusi. Prefe mzima, kuwekwa nyuma!

Mama Kavira, mkubwa wa wapishi, akamgeukia. "Papa, juu ya nini umefunga sura hivi? Kamata, kula." Akampa ndizi iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi.

Ikamchoma ulimi. Akaruka, wapishi wakacheka, na yeye, akipuliza kinywa, akajikuta anacheka nao. Ndizi ilikuwa tamu ajabu. Sasa ngoma akaisikia. Akamwona Victoire, ambaye yeye mjomba alikuwa akimbeba mabegani alipokuwa mtoto, anafuta machozi ya furaha.

Shemeji akaja mbio. "Prefe! Tuko nakutafuta! Kiti yako iko mbele. Pardon sana!"

Éliakim aliitafuta hasira yake, hakuipata. "Hapana, shemeji," akasema. "Hapa niko bien."

Victoire alipopita akicheza, mjomba alisimama akampigia makofi, mikono ikiwa imejaa mafuta.