Mboga za Kitanda cha Tatu

Katika wodi ya watoto yenye vitanda vitano, watoto wanne walishikwa na homa na kuhara ndani ya siku tatu. Kabla maabara haijatoa majibu, Mama Kifungo, ambaye binti yake alilazwa kitanda cha tatu, alikuwa amekwisha kumpata mkosaji.

Kifungo, kama mama yake fundi wa kushona alivyomwita tangu uchanga, alikuwa na miaka saba. Hakuletwa hospitalini kwa ajili ya tumbo. Alivunjika paja, na mguu wake ulining'inizwa kwa kamba yenye uzito, ukimsubiri daktari wa mifupa aliyefika hospitali hiyo Alhamisi moja tu kila mwezi. Alhamisi hiyo ilikuwa imebakiza siku tatu. Sista wa wodi alisema waziwazi kwamba mtoto mwenye homa hafanyiwi upasuaji, na kwamba mfupa ukikaa mwezi mwingine huenda ukaunga kombo.

"Maabara imeona bakteria anayeitwa salmonela kwenye choo cha wote wanne," alieleza Sista. "Huingia kwa mdomo. Nyumbani mnafuga kuku? Kuna mnyama ambaye mtoto humshika?"

"Sista, mimi nakaa ghorofa ya nne. Hata panya huchoka njiani. Na mwanangu ana wiki mbili hapa, kuku gani huyo wa kumfuata kitandani? Kaulizeni jikoni."

Hoja yake aliipanga kama anavyopanga vipande vya gauni kabla ya kushona. Wagonjwa wote wanne walikula chakula cha jikoni. Mtoto wa tano, mvulana wa kitanda cha mlangoni aliyeitwa Redio kwa kuwa habari haikulala kinywani mwake, aliletewa chakula na bibi yake kutoka nyumbani, naye hakuugua hata kidogo. Kulikuwa na shaka gani tena?

Siku hiyohiyo, alipokuwa akinyoosha shuka, alikuta chini ya mto wa Kifungo mboga za majani zilizofungwa ndani ya leso.

"Mboga hizi zina ubaya gani, mama?"

Kifungo alitazama dari. "Hazina."

"Mpishi amekutisha?"

Mtoto akanyamaza. Mama yake aliuhesabu ukimya huo kuwa ushahidi, akaichukua leso na kushuka nayo jikoni.

Mpishi alikuwa mwanamke mzito, mtaratibu, ambaye wauguzi walimwita Mama Vichupa. Alifungua jokofu na kuonyesha safu za vichupa vyenye lebo.

"Kila chakula kinachotoka hapa nakichota kijiko kimoja, naandika siku na saa, nakitunza siku saba. Maabara wamevichukua vya wiki nzima. Hawakuona kitu."

"Mama, mtu akijisahihishia mtihani mwenyewe atafeli vipi?"

"Basi onja." Mpishi alimnyooshea upawa wa uji.

"Nimeshiba."

"Umeshiba maneno," mpishi alisema, akarudi kwenye sufuria yake.

Jioni Mama Kifungo aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mganga mkuu, akaiambatanisha na leso. Kesho yake, Jumanne, mpishi aliambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi umalizike. Chakula kikaanza kuletwa kutoka jiko la wodi ya wazazi.

Jumatano, hata hivyo, homa ya Kifungo ilikuwa palepale, na mboga zikatoweka tena kwenye sahani. Mama yake aliinua mto. Hapakuwa na kitu. Akakagua shuka, godoro, hata mfuko wa nguo chafu. Sasa alimshuku mpishi mpya, akamshuku mfagiaji, akaanza hata kumtazama Sista kwa jicho la pembeni. Hapo ndipo alipomsikia Redio akimlalamikia bibi yake.

"Mimi ndiye sijaugua, lakini hawanipi hata kumshika."

"Kumshika nani, mjukuu wangu?"

"Sisemi. Walisema nikisema hawatanionyesha." Redio alifikiri kidogo. "Lakini hawanionyeshi hata hivyo. Wanapeana chini ya shuka. Wanambusu pua. Mimi namsikia tu akikwaruza ndani ya boksi."

Mama Kifungo alilijua boksi hilo. Jumapili ya wiki iliyotangulia, kaka yake, dereva wa lori na mpenda mizaha, alipita kumwona mpwa wake akiwa na boksi la viatu. "Hivi ni vya siku utakayotembea," alisema, akamkonyeza mtoto, kisha akaondoka safarini. Mama Kifungo hakulifungua. Aliona vibaya kutazama viatu vya mguu uliovunjika. Aliyaona pia matundu kwenye kifuniko, yaliyotobolewa kwa msumari na yasiyolingana, yeye ambaye mshono uliopinda humnyima usingizi, wala hakujiuliza.

Akafungua kabati la kitanda. Ndani ya boksi, juu ya mboga zilizonyauka, kobe mdogo kama kiganja alirudisha kichwa ndani.

Kifungo alianza kulia kabla hajaulizwa. "Mjomba alisema niwape wanaojua kutunza siri tu."

"Ndiyo maana Redio ni mzima," alisema mama yake polepole.

Sista alivaa glovu, akaondoka na boksi. Kobe huweza kubeba bakteria hao bila kuugua, alieleza, na mtoto akimshika kisha akala bila kunawa, imetosha. Hakuongeza lawama. Alitazama tu saa na kuagiza vitanda vyote visuguliwe.

Alhamisi daktari wa mifupa alisimama mbele ya kitanda cha tatu, akasoma kadi ya joto na kuandika tarehe ya mwezi uliofuata. Mama Kifungo hakubishana naye. Alikuwa amekwisha kwenda kwa mganga mkuu kuifuta barua yake kwa barua ndefu zaidi, na sasa alishuka ngazi kuelekea jikoni, akiyapanga maneno ya kuomba radhi na kuyafumua tena.

Mama Vichupa alikuwa amerudi. Alikuwa akibandika lebo kwenye kichupa, wala hakuinua macho.

"Mama, nimekukosea. Nilikuvunjia heshima, na kosa lilikuwa kitandani kwangu."

Mpishi alimaliza kuandika saa, akafunga jokofu.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Homa inashuka. Upasuaji wameusogeza mwezi ujao."

"Pole." Mpishi aligeukia sufuria yake. "Mwezi ni mrefu. Atahitaji kula."

"Ndiyo. Kama upawa bado upo," Mama Kifungo alisema, akinyoosha mkono, "ningependa kuonja."

Mpishi aliutazama mkono ule, kisha akaelekeza kidevu kwenye bomba lenye kipande cha sabuni.

"Nawa kwanza."