Maksi za Njia

Kichwa hakuitwa Kichwa kwa sababu kichwa chake kilikuwa kikubwa. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa msichana mwenye akili, na kwa sababu alihakikisha hakuna mtu chini ya jua anayesahau kwamba anazo. Ukimpa swali la fizikia alilisoma mara moja, akatazama dari kidogo kama mtu aliyesikia mbu, kisha akakutajia jibu. Na jibu lilikuwa sahihi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana mtu asiyekosea ni tabu kumvumilia, na huyu wala hakutaka kuvumiliwa.

Walimu aliwadharau wote, mmoja mmoja na kwa jumla. Alikaa nyuma ya darasa, miguu kainyoosha, akiwatazama wakijaza ubao mzima kwa swali la toroli linalosukumwa. Tumepewa hiki, tunatafuta kile, kwa hiyo, kwa kuwa. "Eti tumepewa," alikuwa akimnong'oneza jirani yake. "Sote tunaona tumepewa nini. Huyu anaandikia vipofu?" Yeye toroli alikuwa amelimaliza zamani: kani thelathini, msuguano unakula kumi, zinabaki ishirini, gawa kwa kilo tano, nne. Kwisha habari. Kuandika hatua, kwa maoni yake, ilikuwa kazi ya watu wanaohesabu kwa vidole.

Nyumbani kwao hali ilikuwa hivi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha mbele, na macho yalikuwa yanamtupa mkono. Tundu la sindano alikuwa halioni tena mpaka alisogeze dirishani. Dada mtu, aliyemaliza shule miaka mingi nyuma na kufeli fizikia bila kumwonea mtu haya, ndiye aliyeshika cherehani ya pili. Kazi ilikuwa haiwezekani kwa mikono ya mtu mmoja. Chuo cha mafundi wa maabara kilipotangaza mtihani wa kuingia, wa fizikia tupu, mama alisema neno lake wakiwa wanakunja vitambaa: "Mmoja aende, mmoja abaki nami. Siwezi kuachwa peke yangu na sketi hizi."

Nani aende halikuwa hata swali. Kichwa alikichukia kile chumba kwa moyo wake wote. Alichukia harufu ya mafuta ya cherehani, alichukia vumbi la chaki za kitambaa, alichukia wateja wanaonyonga shingo kujitazama makalio kwenye kioo. Pindo alilowahi kushona yeye lilipanda na kushuka kama barabara ya milimani, na mama alilifumua mbele yake. Chuo kilikuwa mlango wake wa kutokea. Usipofunguka, angezeeka akikanyaga pedali, na alilijua hilo kila asubuhi alipofungua macho.

Basi fikiria Kichwa alivyocheka dada yake aliposema naye ataufanya huo mtihani.

"Wewe?" akasema Kichwa. "Wewe na fizikia, mmekutana wapi?"

"Naonja tu, mdogo wangu," akasema Dada. "Mlango uko wazi kwa wote. Utanifundisha?"

Kichwa alikubali. Usimsifu. Alikubali kwa sababu kufundisha mtu mzito ni raha ya aina yake kwa mtu anayependa kujisikia mwepesi. Kila alasiri, wateja wakishapungua, alikaa juu ya meza ya kukatia nguo, miguu ikining'inia, akamwaga elimu kama mtu anayewarushia kuku mahindi.

"Mtu wa kilo sitini kasimama juu ya mizani ndani ya lifti," akasema siku moja. "Lifti inaanza kupanda. Kila sekunde mwendo wake unaongezeka mita mbili kwa sekunde. Mizani inasoma nyutoni ngapi?"

Dada akafikiri, sindano iko mdomoni. "Mia sita. Uzito wake si ule ule?"

"Lo! Salale!" Kichwa akajipiga paji la uso. "Mizani haiujui uzito wako, gogo wewe! Mizani inajua sakafu inakusukuma kiasi gani, basi. Uzito unakuvuta chini, sakafu inakusukuma juu. Vikilingana, lifti haiwezi kuanza kupanda, mtabaki hapo hapo mkitazamana. Kwa hiyo sakafu lazima izidishe. Izidishe kiasi gani? Kiasi cha kuuongezea mwili wako huo mwendo: sitini mara mbili. Mia na ishirini juu ya mia sita. Umeelewa, au nikuchoree katuni?"

"Rudia hapo pa sakafu."

"Sirudii. Mimi si kaseti ya kurudishwa nyuma."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipimwa kiuno akaguna kwa aibu ya wenzake. Mama akasema, "Wewe mtoto, huyo ni dada yako." Kichwa akasonya, akasema yeye anasaidia bure na bado analaumiwa. Dada alivuta kipande cha karatasi ya kaki, ile ya kukatia nguo, akachora sanduku, akachora mshale wa juu na mshale wa chini, na pembeni akaandika kila neno alilolisikia. Hata neno la sakafu kuzidisha aliliandika. Kichwa akamwita karani wa mahakama.

Ikaendelea hivyo. Kichwa alichomoa springi kwenye cherehani mbovu, akaning'iniza mkasi, kisha mikasi miwili. "Mzigo mara mbili, inarefuka mara mbili. Lakini ina kikomo chake. Ukipitiliza, imeharibika, hairudi tena. Kama akili za watu fulani." Akashika mtandio wa kitambaa upande mmoja, akautikisa mpaka mkunjo ukakimbia mezani. "Umeona? Kitambaa kimesafiri? Hakijasafiri. Kila uzi umepanda ukashuka pale pale. Kinachosafiri ni mtikisiko. Mikunjo mitano kwa sekunde, kila mmoja urefu wa sentimita arobaini, mtikisiko unakwenda mita mbili kwa sekunde. Hata mtoto wa chekechea ameelewa." Dada alikuwa ameinama anaandika, ulimi umetoka kidogo kama wa mtoto anayejifunza kuumba herufi. Kichwa alipomwona hivyo alihisi huruma kidogo, ile huruma ya mtu aliyeshiba.

Siku ya mtihani karatasi ilikuwa imeandikwa juu kabisa, kwa wino mzito: *Onyesha njia.* Kichwa akabetua midomo. Hao hao! Alifikiri chuo kitakuwa na watu wa maana, kumbe nako wamejaa watu wa tumepewa-tunatafuta. Akaandika majibu kumi na mawili yamepangana wima, kila moja na kipimo chake, nadhifu kama vifungo vya shati. Akanyanyuka wakati wenzake bado wanachonga penseli. Akiwa njiani kutoka alimpita Dada, amejikunja juu ya karatasi, anachora mishale. Maskini wa Mungu, akawaza. Akatoka nje, akanunua maji, akakaa kivulini akawasubiri wanaohangaika.

Majina yalipobandikwa, jina la dada yake lilikuwepo. Lake halikuwepo.

Alisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Hakuona uchungu hata kidogo, maana alijua kilichotokea: wamechanganya karatasi. Jina lao la ukoo ni moja, na karani mzembe yupo kila ofisi. Akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Maabara, ambaye ndiye aliyesahihisha.

Alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba, anafuta vumbi kwenye mizani ya shaba kwa kitambaa laini. Kichwa akatoa shikamoo ya haraka, akaitikiwa marahaba ya taratibu, akaeleza kosa lao. Yule mama hakugombana naye. Akafungua kabati, akatoa karatasi mbili, akaziweka mezani.

"Hii yako?"

"Yangu."

"Majibu kumi na mawili. Yote sahihi."

Kichwa akatabasamu. "Sasa?"

"Sasa kila swali lina maksi nne. Tatu za njia, moja ya jibu. Wewe umepata kumi na mbili kati ya arobaini na nane. Juu pale tuliandika uonyeshe njia. Uliona?"

"Niliona. Lakini majibu ni sahihi!"

"Hata jibu la kuibia linakuwa sahihi."

"Sikuibia!" Sauti ikampanda. "Mimi siibii kwa watu wanaohesabu kwa vidole!"

"Naamini hukuibia," akasema yule mama, bila kupepesa macho. "Ila sikulipi kwa imani. Binti, hapa tunafundisha watu wa kupima. Wanapima maji ya kunywa ya watu, wanapima damu ya watu. Mtu akipima halafu akanijia na namba moja, akasema ndiyo hiyo, niamini, huyo namwonyesha mlango. Sitaki kujua ana akili kiasi gani. Wenye akili ndio wanaonisumbua zaidi."

Kichwa alihisi masikio yanawaka. Hakuwa amewahi kudharauliwa na mtu anayejua. Alikuwa amezoea kudharauliwa na wajinga, jambo ambalo halimwumi mtu.

"Na huyu mwingine?" akauliza. "Mmempa nini?"

"Huyu?" Yule mama akavuta karatasi ya pili, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Huyu kuzidisha hajui. Sitini mara kumi na mbili kapata mia sita na ishirini. Majibu matano kati ya kumi na mawili ni ya ovyo. Lakini tazama alivyoeleza hii lifti. Tazama mawimbi. Nina walimu humu ndani hawawezi kuyasema hivi."

Kichwa akasoma. *Mizani haiujui uzito wako, inajua sakafu inakusukuma kiasi gani.* Mstari kwa mstari, mpaka kule kutazamana ndani ya lifti, matusi tu ndiyo hayakuwemo.

"Haya ni maneno yangu!" akapiga kelele. "Haya yote ni mimi niliyemwambia!"

"Ungeyaandika basi," akasema yule mama.

Alimwonea huruma mwishoni, maana Kichwa alikuwa ameanza kutetemeka midomo. Akasema nafasi zimejaa, ila mtu akijitoa kabla ya Ijumaa, atampa ubao na chaki aonyeshe njia mbele yake. Kichwa akapumua. Kama ni hilo tu! Akatoka pale karibu akimbie. Dada si alikuwa anaonja? Dada na maabara wapi na wapi? Angeambiwa tu, akajitoe, yaishe.

Alimkuta kwenye cherehani, sketi za bluu zimerundikana hadi kifuani. Mama alikuwa dirishani akitafuta tundu la sindano.

"Dada, kesho uende chuoni ukajitoe," akasema Kichwa, kama anayemtuma dukani. "Wamesema nafasi ikiachwa wananipa mimi."

Dada akaendelea kukanyaga mpaka mshono ukafika mwisho. Akakata uzi.

"Sijitoi," akasema.

"Hujitoi vipi? Si ulisema unaonja tu?"

"Nimeonja. Ni tamu."

Kichwa akadhani ni utani. Alipoona si utani akapandwa na hasira ambazo hajawahi kuwa nazo. "Wewe hujui kitu! Kuzidisha hujui! Umepita kwa maneno yangu, yangu mimi, neno kwa neno!"

"Ni yako," akasema Dada. "Sijakataa. Hata wakiniuliza nitawaambia ni yako. Lakini unajua kwa nini niliyaandika yote?" Akageuka kwenye kiti, akamtazama mdogo wake vizuri. "Kwa sababu ulikuwa hurudii. Nikiuliza mara ya pili unaniita gogo mbele ya wateja. Watu ninaowapima kiuno, unaniita gogo mbele yao. Nikaona aibu. Nikasema, afadhali niandike kila neno linalotoka, kila mshale, nikakae nalo peke yangu, kuliko nimuulize tena huyu mtoto. Ungenijibu vizuri ningekuwa nauliza tu, na nisingeandika chochote. Ningefeli, mdogo wangu. Umenifaulisha wewe."

Aliyasema bila kelele na bila kuringa. Laiti angeringa, Kichwa angejua la kumjibu.

Akamgeukia mama. "Mama, mwambie. Mimi sijui kushona, unajua sijui."

Mama alikuwa bado anausogeza uzi kwenye sindano, unapita pembeni, anaulamba, anaujaribu tena. "Dada yako naye alikuwa hajui," akasema. "Nilimkalisha hapo ana umri kama wako. Alilia wiki nzima, wewe hukumwona kwa sababu ulikuwa shuleni."

Kichwa akalia, kilio cha wazi, kamasi na yote, amesimama katikati ya chumba kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakuna aliyemnyamazisha na hakuna aliyemcheka. Nje mteja akabisha hodi, akaona, akasema atarudi baadaye.

Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Dada alikuwa ameshaondoka kwenye kiti, anakunja vitu vyake. Rundo la bluu lilikuwa pale pale, na sare zilitakiwa Jumatatu. Kichwa akakaa. Akautazama uzi, akaitazama mashine na vijitundu na vikulabu vyake, akatazama dari. Dari haikumwambia kitu.

"Dada," akasema, sauti imekauka. "Huu uzi unapitia wapi?"