Mwenye Viatu

Tangu arudi kutoka ziara ya walimu huko Ujerumani, Edna alikuwa hakaliki. Akikaa kibarazani anainuka, akienda jikoni anasahau alichofuata. Mwalimu wa historia mzima, anayewasimulia wanafunzi habari za Hitler bila hata kusita, sasa alikuwa anamkwepa bibi yake ndani ya nyumba moja pale Msamala, Songea. Na muda ulikuwa umemwishia. Ilikuwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na jioni hiyo jumuiya ya kanisa ingesali kwao. Kila nyumba hutaja wafu wake kwa sauti.

Bibi Walburga alikuwa na wafu wengi wa kutaja, ila mmoja hakumtaja kamwe. Baba yake, dereva wa Mzungu mwenye shamba la kahawa, aliondoka na bosi wake kwenda Ujerumani mwaka mmoja kabla ya Vita vya Pili, Walburga akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Aliahidi kumletea viatu. Hakurudi. Ukoo ukakubaliana kwamba amepata mke wa Kizungu na anakula raha, na binti alipokua akalifuta jina lake kabisa. Alimwita Mwenye Viatu, kwa kubetua mdomo. Mjukuu akichelewa kurudi kutoka Majengo aliulizwa kama naye ameshakuwa Mwenye Viatu. Wote walicheka. Edna pia alicheka miaka yote hiyo, na hicho ndicho kilichokuwa kinamchoma.

Alasiri alimkuta Bibi anachambua maharage. Akaketi, akainuka, akaketi tena.

"Umekalia siafu?" Bibi aliuliza.

Edna akasema yote kwa mkupuo, asije akaishiwa nguvu. Kwamba walimu walipelekwa Sachsenhausen, karibu na Berlin, kambi ambamo Wanazi waliwafungia wapinzani wao, Wayahudi, mateka wa vita, na kila waliyemwona si mtu. Kwamba alimuuliza mtunza kumbukumbu, kwa udadisi tu, kama kuna mfungwa aliyetoka Songea, na akapatikana mmoja. Dereva, mwenye jina la ukoo wao kwenye faili. Vita vilipoanza alimtoroka bosi wake, akakamatwa bandarini Hamburg akitafuta meli ya kurudi kwao. Alifia kambini. Kulikuwa na njia ya mzunguko humo, akaendelea, wafungwa wakitembezwa kutwa nzima ili wenye viwanda wajue soli za viatu vyao zinadumu kiasi gani. Wengine walianguka na hawakuinuka tena. Kama naye alitembezwa hapo, Edna hakuambiwa.

Mikono ya Bibi ilisimama juu ya ungo.

"Walimwitaje huko?"

"Hawakuita watu majina, Bibi. Kila mtu alikuwa namba."

Bibi akarudia kazi yake, ila sasa alikuwa anatupa maharage mazima na kubakiza mawe.

"Wale namba," akasema. "Na mimi viatu."

Edna alilia. Bibi hakulia. Alimtuma akateke maji, maana watu walikuwa wanakuja.

Jioni sebule ilijaa. Ilipofika zamu yake, Bibi alimtaja mumewe, wanawe wawili na dada yake, kisha akanyamaza. Mzee Baltazar, mwenyekiti wa jumuiya, alidhani amemaliza, akakohoa ili aanzishe wimbo. Bibi akainua mkono kumzuia.

"Urban," alisema.

Watu wakatazamana. Jina hilo halikuwahi kusikika ndani ya nyumba ile, hata wajukuu wengine hawakulijua. Mzee Baltazar akauliza kwa adabu ni nani huyo.

"Ni baba yangu. Alikuwa anarudi nyumbani." Akavua kandambili zake, akazisogeza pembeni, akapiga magoti kwa shida sakafuni. "Mtajeni kwa jina. Mmoja mmoja, asirukwe mtu."

Wakaanza kumtaja, kuanzia waliokaa mlangoni. Ilipofika zamu ya Edna sauti ilimkatika katikati ya jina, na Bibi akasubiri, akiwa bado magotini, mpaka akalimaliza.